Ng'ombe Hazeeki Maini: Vidole na Masikio ya Mpiga Solo

Katika bucha ninakonunua nyama, Igoma, paja la ng'ombe mzee hujitangaza lenyewe. Mafuta yake yana unjano, nyuzi zake zimekaza kama kamba ya katani, na kisu kinapita kwa kusitasita. Mwenye bucha ni mtu mkweli, atakushauri uliinjike mapema ukitaka wanao wale usiku. Ukimwuliza je, na maini ya ng'ombe huyuhuyu, anakushangaa. Maini ni maini! Kitunguu, ndimu, dakika chache kikaangoni, basi. Yawe ya mtamba au ya ng'ombe aliyezaa mara tisa, jino halitambui.

Aliyetunga methali ya ng'ombe hazeeki maini bila shaka alikuwa amechinja, amepika na amekula. Huku kwetu Mwanza tunaitumia sana, pengine kwa kuwa Usukumani ng'ombe ni mahari, ni akiba na ni heshima ya boma. Lakini tumeipunguza. Siku hizi utaisikia harusini, babu wa miaka sabini anapoinuka kucheza, au mtaani pale inapovuma habari kwamba mzee fulani anaposa msichana. Watu wanacheka, mmoja anapaza sauti: ng'ombe hazeeki maini! Kicheko kikitulia, methali nayo inawekwa kando hadi harusi nyingine. Naona imeonewa, kwa sababu ndani yake mna swali zito kuhusu uzee na ufundi. Nililitambua usiku mmoja Kirumba, katika ukumbi wa wazi usio mbali na mwalo wa dagaa, bendi ya vijana ilipomwita jukwaani mzee mmoja aliyewahi kupiga solo enzi za dansi.

Alipewa kiti cha plastiki na gitaa la kuazima. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa mbio, nao ukamshinda. Mahali pa kukimbia kidole cha pete kilichelewa, noti mbili zikamezwa, na mpiga ngoma ikabidi apunguze mwendo ili wasiachane. Kijana mmoja mezani kwetu, mwenye sikio zuri na asiye na ubaya moyoni, akasema kwa huzuni, "Mzee ameisha." Nyuma yetu alikaa mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa. Akajibu bila kugeuka, "Mwanangu, ng'ombe hazeeki maini. Ngoja wimbo wa taratibu."

Wimbo wa taratibu ukaja. Mwimbaji alipomaliza ubeti, mzee hakujaza ile nafasi kama vijana wanavyoijaza. Aliiacha wazi, kisha akaweka noti tatu tu, ya mwisho ikichelewa kidogo, safari hii kwa kutaka mwenyewe. Mpiga besi, kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, aliinamisha kichwa na kupunguza sauti ya chombo chake. Pale mezani hakuna aliyesema neno.

Sasa kati ya kijana na mama wa dagaa, nani alisema kweli? Nimelibeba swali hilo kwa miezi, na nimeona niifungue methali yenyewe kama mkaguzi wa nyama anavyolifungua ini.

Tuanze na sarufi yake. Methali haisemi maini ya ng'ombe hayazeeki. Ingesema hivyo ingekuwa taarifa ya bwana mifugo. Inasema ng'ombe hazeeki maini, kwa muundo uleule wa fulani kavunjika mguu, fulani kang'oka jino. Anayesemwa ni ng'ombe mzima, na kiungo kimetajwa kuonyesha ni upande gani wake unaohusika. Kwa hiyo ni yeye mwenyewe, mwenye pembe iliyokatika na kwato zilizopasuka, ambaye kwa upande mmoja hazeeki. Na kwa kuutaja upande huo mmoja tu, methali imekiri kimyakimya habari ya pande zote zilizobaki: miguu anazeeka, meno anazeeka, macho anazeeka. Napenda uaminifu huo. Haimfariji mzee kwa kumwambia kwamba hajazeeka.

Halafu neno lenyewe, maini. Moyo tumeupa mapenzi na ujasiri, lakini maneno yanayochoma ndani kabisa Kiswahili husema yanakata maini. Huko ndiko jeraha lisiloonekana linakofika. Basi mtu asiyezeeka maini ni yule ambaye mambo ya dunia bado yanamkata, naye bado anaweza kumkata mwenziwe. Ukiielewa hivyo, methali inatoka kwenye kicheko cha harusi na kuingia moja kwa moja katika habari ya mpiga gitaa.

Vidole ni nyama ya paja. Atakayebisha hilo hajawahi kusimama na solo shingoni tangu saa tatu usiku hadi majogoo. Katika muziki wetu wa dansi, wimbo ukishafunguka, mpiga solo huzungusha mapigo mafupi ya mbio kwa dakika nyingi bila kupumzika, mkono wa kushoto ukibana nyaya za chuma. Miaka ikienda, gegedu kwenye shina la kidole gumba hulika na kano hukakamaa. Misuli ya mwendo wa haraka husinyaa kabla ya ile ya mwendo wa polepole. Sikio nalo hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu. Wahenga wametuachia methali nyingine kwa ajili ya hayo, ujana ni moshi, ukienda haurudi, na kijana wa mezani kwetu aliisema hiyo kwa maneno yake mwenyewe. Methali hizi mbili hazipingani. Moja inazungumza juu ya paja, nyingine juu ya maini.

Hata hivyo, paja lenyewe haliishi kwa kalenda peke yake. Mwaka 1996 watafiti Ralf Krampe na Anders Ericsson walichapisha kazi yao juu ya wapiga piano vijana na wazee. Katika majaribio ya kawaida ya wepesi, yasiyohusu muziki, wazee walikuwa wazito kama wazee wengine wote. Walipoketi kwenye piano, wale walioendelea na mazoezi ya makusudi hawakuachwa mbali na vijana. Uzito uliwapata kila mahali isipokuwa pale walipokuwa wakipafanyia kazi kila siku. Na Les Paul wa Marekani, ambaye jina lake limo kwenye magitaa ya Gibson, alipiga kila Jumatatu usiku katika klabu moja ya New York hadi mwaka aliofariki, 2009, akiwa na miaka 94. Baridi yabisi ilikuwa imemharibu vidole, akajifunza upya kupiga kwa vile vichache vilivyobaki.

Mfano wetu uko karibu zaidi. Ukifuata ufuko kutoka Mwanza, ukapita njia ya Musoma, ukavuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi na kuendelea kaskazini, unafika Shirati, wilaya ya Rorya, karibu na mpaka wa Kenya. Huko alizaliwa Daniel Owino Misiani mwaka 1940. Alivuka mpaka akiwa kijana, na bendi aliyoianzisha Kenya katikati ya miaka ya 1960 ilikuja kubeba jina la nyumbani kwao: Shirati Jazz. Yeye na wenzake wa ziwani walichukua mapigo ya nyatiti, chombo cha Wajaluo chenye nyuzi nane, wakayahamishia kwenye gitaa la umeme, na muziki huo, benga, ukaenea hadi Zimbabwe.

Hapa nitakaa kidogo, maana watu huipita nyatiti haraka mno. Nyatiti si chombo cha kuonyeshea mbio. Ni chombo cha msibani na cha mazungumzo ya watu wazima, na mpigaji wake huthaminiwa kwa kujua ukoo wa marehemu, sifa zake na aibu zake, na kwa kujua lipi la kusema na lipi la kulipitisha chini ya uzi. Mtu wa miaka ishirini hawezi kuwa nayo yote hayo, hata vidole vyake viwe vya umeme. Usukumani nako ni vivyo hivyo. Katika mashindano ya ngoma ya Bulabo pale Bujora, makundi ya Bagika na Bagalu yanapopambana, ushindi huenda kwa manju aliyeuvuta umati upande wake, na umati humfuata mwenye neno. Kwa hiyo gitaa lilipofika kwenye mwambao huu lilikuta tayari pana mila ya vyombo ambavyo uzee unaviongezea thamani.

Misiani aliirithi mila hiyo. Rekodi zake za miaka ya 1970 zina kasi inayokupandisha jasho ukiwa umekaa. Kadiri alivyokua, mizani ilihamia kwenye maneno: visa vya kale, mafumbo ya siasa, mafunzo yaliyomletea jina la mfalme wa historia na pia kumwingiza mikononi mwa polisi. Kwa sikio langu, gitaa la miaka yake ya mwisho linatembea nyuma ya neno kama fimbo inavyotembea na mzee wake, likigonga chini pale tu panapohitaji kugongwa. Je, alipanda au alishuka? Anayepima kwa paja atasema alishuka. Mimi nimewaona watu wazima, wavuvi na madereva, wakizima mazungumzo yao kumsikiliza Misiani wa uzeeni, na sijawaona wakifanya hivyo kwa kasi tupu.

Alifariki tarehe 17 Mei 2006 kwa ajali ya gari huko Kisumu, akiwa na miaka 66 na bado yumo kazini.

Ajali ya gari. Ninapofika hapo kalamu huwa nzito, kwa sababu si yeye peke yake. Salum Abdallah wa Cuban Marimba, Morogoro, alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe alikufa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye gitaa lake la vidole viwili lilirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 na likafundisha nusu ya Afrika Mashariki, alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1990. Wanamuziki wetu wameishi barabarani, usiku, katika magari mabovu, kutoka dansi la mji huu kwenda dansi la mji ule. Tunabishana kama wapiga gitaa wakubwa hupanda au hushuka wakizeeka, ilhali wengi wao hatukupewa nafasi ya kuwaona wakizeeka. Mbaraka alizaliwa 1944. Leo angekuwa amepita miaka 80, na hakuna anayejua solo ya Mbaraka mwenye miaka 60 ingesikikaje. Nimejaribu kuiwaza, nikashindwa.

Vifo hivyo vimetuachia hasara ya pili, iliyojificha. Aliyekufa kijana hubaki kijana. Redioni Mbaraka ana miaka 30 kila asubuhi, vidole vyake havijakosea hata siku moja. Mzee aliyebahatika kuishi tunamweka kwenye mizani na marehemu huyo. Baya zaidi, tunamweka kwenye mizani na yeye mwenyewe wa zamani, kwa maana kanda zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam bado zinapigwa kila siku katika vipindi vya zilipendwa. Akipanda jukwaani tunamtaka apige kama kwenye kanda. Tumempenda mno kijana aliyekuwa zamani hata hatumsikii mtu mzima aliye mbele yetu, na noti anazotafuta leo zinahesabiwa kuwa makosa ya zile za jana.

Wapo walioukwepa mtego huo. Michael Enoch alikuwa mpiga solo wa kutajika katika Dar es Salaam Jazz. Baadaye alisimama mbele ya Mlimani Park akiwa na saksafoni, akiongoza bendi na kuwafinyanga vijana. Alihamisha ufundi kutoka kwenye vidole kwenda kwenye pumzi na kwenye masikio ya wengine. Na Mose Fan Fan, aliyepiga na Franco huko Kinshasa, akaishi Dar es Salaam na hatimaye London, alifariki Mei 2019 akiwa na miaka 73, huko Nairobi alikokuwa amekwenda kurekodi. Mtu anayepanda ndege kwenda kurekodi katika umri huo bado ana kitu kinachomkata maini.

Wengi, lakini, hawakuwa na njia ya kuhamia popote, na sababu yake mara nyingi tunaipa jina la uzee kwa makosa. Bendi nyingi kubwa za nchi hii hazikuwa za wanamuziki. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya jumuiya ya vijana ya chama tawala, Mlimani Park ilikuwa chini ya shirika la maendeleo la jiji, na polisi, jeshi na magereza walikuwa na bendi zao. Mfumo huo uliwapa wanamuziki mishahara, jambo la kushukuru, na bila huo pengine tusingekuwa na nusu ya nyimbo tunazozipenda. Lakini vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mpiga solo alikuwa kama mchunga wa ng'ombe wa watu: anawajua kwa majina, anawapeleka malishoni miaka thelathini, na siku anayoondoka anaondoka na fimbo. Wangapi walistaafu bila gitaa nyumbani? Rudini kwa wale wapiga piano wa mwaka 1996. Waliobaki na wepesi wao ni walioendelea na mazoezi. Mazoezi kwa gitaa gani?

Sasa nirudi buchani, kwa sababu kuna jambo la maini ambalo methali imelinyamazia. Machinjioni, mkaguzi wa nyama hulipasua ini kwenye mirija yake kabla ya kuligongea muhuri. Kwenye mabonde ya majimaji yanayolizunguka ziwa letu wamo konokono wadogo wanaobeba minyoo bapa. Ng'ombe anailamba pamoja na majani mabichi, nayo inapanda hadi kwenye ini na kukaa humo. Nimeona ini la fahali mchanga, mnene na mwenye ngozi inayong'aa, likipasuliwa na minyoo ikimiminika kama majani ya chai, likatupwa lote. Paja lake liliuzwa kwa bei ya juu.

Ini halizeeki, lakini huharibika, nalo huharibiwa na malisho. Naamini hapo ndipo maana kamili ya methali ilipo. Nimewasikia wapiga solo wa miaka ishirini na tano wenye vidole vya ajabu ambao maini yao yamekwisha kuliwa: miaka saba ya kukopi nyimbo za wengine hotelini, usiku baada ya usiku, hadi hawajui tena kama wanapenda wanachokipiga. Nimewaona wengine wakilipwa kwa bia za mashabiki badala ya fedha, na hapo ini linaliwa kwa maana zote mbili. Madaktari wanasema ini ni kiungo cha pekee, likikatwa sehemu hujiotea tena, ila lipewe muda na likingwe na kilichokuwa kikiliua.

Usiku ule Kirumba, dansi lilipokwisha, nilimfuata mzee nyuma ya jukwaa. Gitaa lilikuwa limekwisha kurudishwa kwa mwenyewe.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

Nilimwambia vile wimbo wa taratibu ulivyotunyamazisha mezani. Alifurahi, lakini yeye alitaka kuzungumzia wimbo wa kwanza, ule uliomshinda. Akasema kichwani solo yote ilikuwapo, aliisikia ikija kama anavyosikia meli ikipiga honi ikiwa bado haijaonekana. Nikamwuliza kama huwa anafanya mazoezi nyumbani.

"Nilipoacha bendi sikutoka na chombo," alisema. "Mwaka wa kumi na moja huu."

Akanyoosha mkono wa kushoto chini ya taa. Nilitarajia sugu. Ncha za vidole zilikuwa laini kama za mtoto, na nyimbo mbili tu zilikuwa zimezichora mistari myekundu ya waya, kidole cha pete kikiwa na tone la damu. Alikibonyeza kwa dole gumba, akakitazama kwa makini, bila huzuni, kama fundi anayekagua kifaa chake.

"Wiki mbili," akasema. "Nikipata gitaa, ngozi hii itakuwa imerudi kwa wiki mbili."